Kwa Nini Siku ya Kiapo cha Mvua Hatuwashi Moto

Kabla mlima huu haujawa na upara, mawingu yalilala mgongoni mwake mwaka mzima, na maji yalishuka yenyewe mpaka uwandani. Koo tatu ziliishi hapa: watu wa Juu, watu wa Kati na watu wa Chini. Siku zile heshima ya ukoo ilipimwa kwa moto. Ulikokwa mkubwa, ukawaka mchana na usiku, hata kama hapakuwa na kitu cha kupika. Wa Juu walikuwa na moto mkubwa kuliko wote, na wa Kati wakawaiga. Wa Chini walikuwa na mafiga yao tu.

Msitu ukapungua. Mawingu yakakosa pa kulala, yakahama. Chemchemi iliyokauka kwanza ilikuwa ya watu wa Chini, ambao walichoma kuni kidogo kuliko wote.

Mkuu wao aliitwa Senkoro. Mkewe, Nakijwa, alifia njiani akifuata maji ya mbali, akazikwa kando ya chemchemi ile. Watu wakaanza kufunga mizigo. Senkoro hakuweza kuliacha kaburi. Akapanda mlimani kuziomba koo zikutane.

Zilikutana siku saba.

"Zimeni ninyi kwanza," walisema wa Kati. "Mmeota moto tangu enzi za babu zenu."

"Na ninyi mmeanza juzi, lakini mnakoka kama mnafukuza chui," alijibu Mrindoko, mkuu wa Juu. "Tukizima, watani wangu, mtatuita maskini."

Siku ya saba asubuhi walikubaliana, wakaapa: kila ukoo ubaki na moto wa kupikia tu, na mteremko wa mashariki usiguswe tena. Lakini kwa desturi yao, neno lisilofungwa kwa kula nyama halikuwa neno. Wakachinja mafahali tisa. Kila ukoo ulichoma nyama yake, na hakuna uliotaka moto wake uwe mdogo kuliko wa jirani. Nyama ilipoiva, mteremko wa mashariki ulikuwa visiki.

Senkoro alipewa paja. Hakulionja.

"Mbona huli, mtani?" aliuliza Mrindoko. "Huko Chini mmesahau kutafuna?"

Watu wakacheka.

"Ninaitafuta miti tuliyoapa asubuhi kuiacha," alisema Senkoro. "Naona nimepewa mkononi."

Mrindoko aliutazama mteremko. Kisha akachota udongo kwa viganja, akaufukia moto wake mwenyewe, wanawe wakimsihi asijiaibishe. Wa Kati hawakuwa tena na mtu wa kumngoja. Wakafukia wao pia.

Kesho yake waliapa upya, wakala ndizi mbivu na maziwa ya mgando.

Chemchemi haikurudi mwaka ule, wala uliofuata. Watu wa Chini walifungua nusu ya mizigo, wakangoja. Mwaka wa nne, udongo kando ya kaburi la Nakijwa ulilowa. Senkoro akafungua nusu iliyobaki.

Na tangu siku hiyo, kiapo cha mvua hufanyika bila moto. Ukoo uliokuwa na moto mkubwa kuliko wote ndio huapa kwanza, na chakula huliwa baridi, hata kipupwe kikiuma. Wageni hudhani sisi ni wachoyo. Tunawaacha wale kwanza, ndipo tunawaeleza.