Gauni la Mwili wa Kesho

Kling'. Mfuniko wa sufuria uligonga ukingo wa jiko, kisha kimya. Umeme ulikuwa umekatika tangu magharibi, na nyumba nzima ilikuwa giza totoro.

"Nani huko jikoni?" mtoto aliuliza kutoka kitandani.

"Paka," mama yake alijibu, mdomo umejaa wali.

Nyumba ile haikuwa na paka.

Mama huyo alikuwa fundi cherehani. Wali ule wa baridi aliokuwa akiuchota kwa mkono gizani, aliukataa jioni ile ile mezani, tena kwa maringo. Wahenga walinena kwamba ngoma ivumayo sana haikawii kupasuka, yaani jambo lolote likipita kiasi humharibikia mwenyewe. Fundi aliijua methali hiyo tangu utotoni, ila siku zote alidhani inawasema wengine.

Mambo yalianza siku wifi yake, dada wa mumewe, alipoleta habari kwamba ameposwa na kumwomba ajishonee gauni la samawati la kuvaa harusini. Fundi alijipima mbele ya kioo. Kiuno kilikuwa cha mwanamke aliyezaa, akala na kucheka. Hakukipenda. Basi akafanya kosa ambalo hata mwanafunzi wa ushonaji angelicheka: hakukata kitambaa kwa kipimo cha mwili aliokuwa nao, alikata kwa kipimo cha mwili aliotarajia kuwa nao. Wala hakubakiza kile kitambaa cha ziada ndani ya mshono, ambacho mafundi hukiacha ili nguo ipanuliwe mvaaji akinawiri.

"Nikijiachia nafasi, nitaitumia," alijiambia, akapitisha mkasi.

Tangu hapo ngoma yake ikavuma. Alimtangazia kila mteja aliyekanyaga kibaraza chake kwamba ameachana na wali, mkate, viazi na chochote kitamu. Asubuhi maji ya moto na ndimu, mchana tango, jioni tango lile lile na sifa zake. Wateja wakampongeza. Mumewe, ambaye alikuwa mwoka mikate, alipigwa marufuku kuingia ndani na shati la kazini.

"Mke wangu, shati nalo linanenepesha?"

"Harufu yake inanichokoza. Livue huko huko."

"Majirani watasema nimefukuzwa."

"Waambie umefukuzwa na mkate."

Siku za mwanzo walicheka. Baadaye kicheko kilikauka. Fundi akawa mkali kama siki, na mteja mmoja akashonewa mikono miwili, yote ya upande wa kushoto. Alipolalamika, aliambiwa asimame vizuri. Na kadiri fundi alivyojinyima mchana, ndivyo alivyoivizia sufuria gizani. Alikula amesimama, upesi, bila hata kusikia ladha, kisha akalala na majuto yake huku akiapa kwamba kesho atakaza zaidi.

Hakujua kwamba kuna aliyekuwa akimsoma. Binti yao wa pekee aliitwa Kijiko, kwa sababu tangu aote meno hakukubali mtu mwingine akishike kijiko chake. Siku hizi alikilaza kando ya sahani na kusema, "Inatosha," kwa sauti ile ile ya mama yake.

"Watoto wana vipindi vyao," fundi alimwambia mumewe.

"Kipindi gani hiki cha mtoto kukonda?"

Fundi aliendelea kukata tango.

Harusi ilipokaribia, wifi alikuja mchana mmoja kuliona gauni. Fundi alilivaa, akavuta pumzi na kubana tumbo, naye wifi akaipandisha zipu kwa mikono miwili, kama mtu afungaye gunia lililojaa kupita kiasi.

"Imefunga," fundi alisema kwa sauti nyembamba.

"Imefunga, sawa. Lakini wifi yangu, utapumua saa ngapi?"

"Baada ya harusi."

"Na vigelegele vyangu nani atavipiga? Au utavipiga kwa ishara?"

Mara Kijiko aliingia kutoka shule akiuburuza mkoba. Midomo ilikuwa imemkauka. Alishika mwimo wa mlango, akateleza polepole hadi sakafuni kama nguo iliyodondoka kambani.

Fundi aliinama kumdaka. Praa. Gauni lilipasuka kutoka kwapani hadi nyongani. Hakulitazama. Alimpakata mwanawe, akimpepea kwa kiganja, akimwita jina ambalo hakuwa amemwita tangu alipokuwa mchanga. Wifi alileta maji yenye sukari. Kijiko akanywa funda kwa funda, hata macho yakarudiwa na uhai.

"Umekula nini leo, mwanangu?"

"Sijala. Chakula changu kiko chini ya mto."

Wifi alikwenda kutazama. Alirudi na soksi iliyojaa vipande vya mkate vilivyokauka kama mbao.

"Hivi ni vya nini, Kijiko?"

"Vya kula taa zikizimika," Kijiko alieleza kwa upole, kama anayemfundisha mgeni taratibu za nyumba. "Mezani watu wazuri hawali. Ukiwa na njaa unangoja giza, halafu unakuwa paka."

Katika miaka yake yote ya ushonaji, hakuna sindano iliyowahi kumchoma fundi namna ile. Alimkumbatia binti yake, akatafuta maneno, akayaona yote ni mazito. Mwishowe akachagua ya kweli.

"Hakukuwa na paka. Alikuwa mama. Mama alikuwa na njaa, akaona aibu kusema."

Kijiko alitafakari. "Njaa ni aibu?"

"Hapana, mwanangu. Mama alikosea kipimo."

Wifi, ambaye hakuumbwa kwa ajili ya kunyamaza, aliuinua upande wa gauni uliopasuka. "Ngoma yenyewe hii hapa. Imevuma, imevuma, imepasuka. Sasa tupike."

Fundi alicheka huku machozi yakimtoka, akacheka kwa tumbo zima, na mishono iliyosalia ikaitikia mmoja baada ya mwingine.

Muuguzi wa zahanati alimpima Kijiko alasiri hiyo. Alisema ni njaa tu, ale pamoja na wenzake na asilazimishwe. Fundi alihisi kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani, ambaye shingo bado haiamini.

Jioni mumewe alirudi, akasimama mlangoni na kuanza kufungua vifungo vya shati kama alivyozoea.

"Ingia nalo," fundi alimwambia.

"Nalo hili?"

"Na mkate wake."

Wali uliwekwa mezani, maharage, mkate, hata tango likakaribishwa, maana halikuwa na kosa. Wakamsimulia baba habari za paka, naye akamtazama mkewe kwa huruma. Fundi alikaa. Aliogopa. Alidhani akianza hataweza kuacha. Alimega tonge, akalitafuna taratibu, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi akajua wali una ladha gani. Sahani ilipofika nusu, shibe ilimjia kwa adabu, kama mgeni anayebisha hodi. Akaweka mkono chini. Mkate ulikuwa bado upo mbele yake, na wala haukumwita. Kesho ungekuwapo tena, naye angeula akiutaka.

"Na gauni?" wifi aliuliza.

"Nitalitia kipande kila upande. Kwa kipimo cha mwili niliokuja nao hapa mezani."

"Basi vigelegele ninavyo."

Mara umeme ukakatika. Hakuna aliyeinuka. Hakuna aliyejificha. Fundi alitulia gizani kati ya watu wake, tumbo limetulia na moyo umetulia, akaona wahenga hawakukosea: ngoma ivumayo sana haikawii kupasuka, na heri ile ipigwayo kwa kiasi, maana hiyo huchezwa na nyumba nzima.

Kling'. Kitu kiligonga sahani.

"Nani huyo?" baba aliuliza. "Paka?"

"Si paka, ni mimi ninakula," Kijiko akasema.