Kopo la Karibu na Mlango

Mwanamke mmoja, Bi Sekela, alitunza ghala la mbegu la kijiji. Kila mbegu ilikuwa na kopo lake, na kila kopo lilikuwa na jina lake. Mkulima alitaja jina tu. Mkono wa Bi Sekela ulikwenda moja kwa moja kwenye kopo hilo, haukupapasa mengine, hata makopo yalipofika mia mbili. Na mtu akitaja mbegu ambayo jina lake halikuandikwa popote, Bi Sekela alisema, "Haimo," akafunga mikono. Watu walitoka wakinung'unika. "Yule mama, ukimwomba maji mtoni atakwambia hayamo!"

Alipofariki, ghala likabaki kwa mpwa wake, Ambakisye. Huyu alikuwa mtu wa watu. Hakuweza kuvumilia kuona mtu akitoka mikono mitupu. Basi akaweka kopo moja kubwa karibu na mlango, la mahindi ya kawaida, na kila aliyetaja aina ya mahindi isiyokuwepo alichotewa humo, kwa tabasamu lilelile. Mdomo wake haukusema uongo. Mkono ndio uliosema. Kijiji kikafurahi. "Siku hizi ghala halikosi kitu!"

Mwaka huo Mama Tulinagwe alimzika mumewe mvua za kwanza zilipoanza, akachelewa kulima. Likabaki tumaini moja: mbegu ya mahindi ya siku themanini, yanayowahi kukomaa kabla mvua hazijakata. Akaenda ghalani, akaitaja kwa jina lake. Ambakisye hakuwa nayo. Akamchotea ya mlangoni.

"Ahsante, baba," akasema mama yule. "Umeniokolea watoto."

Akapanda shamba lote. Mahindi yakaota, yakarefuka, yakampita kichwa, hata majirani wakamsifu. Mvua zikakata yakiwa ndiyo kwanza yanatoa mbelewele, hayajashika punje. Wiki tatu za jua, shamba zima likawa mabua.

Akaja ghalani na gunzi lisilo na punje hata moja, akaliweka mezani. Hakupiga kelele.

"Ungeniambia haimo, mwanangu, ningevuka mto nikaitafute ng'ambo. Miguu nilikuwa nayo."

Ninyi mnaojifunza kuandika programu mtafika kwenye kamusi: jina huku, kilichohifadhiwa kule, na ukitaja jina unapewa chake bila kupekua vingine. Ukitaja jina lisilomo, programu inakataa, inasimama mbele za watu. Ni aibu, naijua. Programu yangu ya kwanza niliifundisha kutoa jibu lolote pale jina linapokosekana. Haikusimama hata mara moja, nami nikapita miji mitatu nikijisifu kama mtu aliyegundua chumvi. Sikuwahi kuwauliza waliopokea majibu yale waliyafanyia nini.

Ni nani leo anapanda shamba lake lote kwa jibu ulilompa wewe, kwa sababu tu uliona haya kumwambia huna?