Jina Moja kwenye Fomu ya Gari

Kaeni vizuri, na mwenye wivu asogee karibu nami, maana kisa hiki ni chake.

Huko Muheza kulikuwa na chama cha watu wenye ulemavu kilichokodisha magari. Watu watatu wanaomba pamoja, wanachagua gari, wanalitumia miaka mitatu. Lakini mmoja tu ndiye anayeandikwa "mlezi wa gari". Linalala kwake, ufunguo unakaa kwake. Wenzake wakilitaka, wabishe hodi.

Mhando, fundi baiskeli, anatumia kiti cha magurudumu, na akitazama kitu tu anakupa kipimo chake. Dada mmoja aitwaye Sikujua haoni, ila injini ikinguruma atakwambia inaumwa wapi. Kibwana ni kiziwi, ana leseni ya udereva, na hakuna maandishi madogo yanayompita. Sikujua na Kibwana wakitaka kusemezana, Mhando ndiye mkalimani.

Kwenye uwanja wa magari ya chama, wote watatu walilipenda gari jekundu. Sikujua akaomba liwashwe, akainamisha kichwa.

"Giaboksi inagonga. Mwezi hauishi, hili litalala."

Fundi wa chama akafungua, akakuta ni kweli.

Wakahamia kwenye la bluu. Mhando akautazama mlango mara moja. "Kiti changu hakipiti. Kimezidi vidole vitatu." Wakapima, vikawa vitatu kamili.

Likabaki jeupe, zima na lenye mlango mpana. Mimi nina miguu miwili na bado niliuonea wivu mlango ule! Ila lilibandikwa karatasi: LIMECHUKULIWA. Kibwana akasoma masharti yote ukutani, akakuta kwamba aliyechagua asipofika ndani ya siku saba, gari linarudi. Ilikuwa siku ya nane. Wakapewa.

Ofisini, karani wa chama akafungua fomu. "Mlezi ni nani?"

Kibwana akaisoma fomu, akasema kwa mikono: "Mwandikeni Sikujua. Bila masikio yake tungeondoka na mkweche."

Mhando aliiona mikono ile, wivu ukamshika. Yeye hajawahi kusifiwa hivyo. Akamgeukia Sikujua: "Anataka aandikwe yeye, eti ndiye dereva."

"Hana shukrani!" Sikujua akafoka. "Bila mimi angekuwa anasukuma gari."

"Dada, sivyo alivyosema," karani akaingilia. "Mama yangu ni kiziwi, lugha ya mikono naijua." Akamweleza maneno yenyewe, kisha akamweleza Kibwana jinsi yalivyogeuzwa.

Mhando akalia mbele ya watu. "Miaka yote nabeba maneno yenu, hakuna anayeniambia asante. Na njia ya kwangu ni udongo mtupu. Mvua ikinyesha ni tope, sitoki hadi ukauke. Gari likilala kwa mwingine, nitabisha hodi vipi? Niandikwe mimi."

"Mimi je?" akasema Sikujua. "Mnacheka wawili kwa mikono yenu, mimi nimekaa kama gunia. Leo nimetajwa kwa wema mara moja, ukaniibia. Jina langu liandikwe."

Kibwana naye akageuza neno lake, karani akatafsiri: "Nilimpa Sikujua kwa moyo mweupe, akaamini haraka kwamba mimi ni mchoyo. Basi niandikwe mimi. Nililipata gari, na nitaliendesha."

Karani akatazama saa. Ofisi ilikuwa inafungwa saa kumi, na fomu isiyo na jina inalirudisha gari uwanjani. Zilibaki dakika tano, kalamu iko mkononi mwake, na kila mmoja wa watatu wale amekazania jina lake.

Haya, wewe uliyesogea karibu, kalamu nakupa. Ungeandika jina la nani, na wale wawili ungewaambia nini?