Rundo la Mawe Kando ya Mkunazi

Inasimuliwa kwamba zamani za waja wema, katika mji mdogo uliokaa ukingoni mwa bonde kavu, waliishi mume na mke waliokula kwa jasho la uchukuzi wa udongo na kokoto. Mume akiitwa Dhakwan, na mke akiitwa Umaima, Mwenyezi Mungu awarehemu wote wawili. Hawakuwa na duka wala ghala. Kazi yote ilikuwa hapohapo nyumbani kwao: uani kulikuwa na lundo la udongo mwekundu wa kukandikia kuta, lundo la mchanga, lundo la kokoto, na punda wanne waliofungwa karibu na jiko kiasi kwamba mkate ukitolewa motoni, punda ndio walioanza kuunusa.

Dhakwan alikuwa akitoka alfajiri na punda wake, shogi zao za kubebea mizigo zikining'inia mbavuni, akichimba na kupeleka mizigo kwa waliojenga. Umaima alibaki uani na nyundo, akivunja mawe kuwa kokoto. Jioni mume alisimama mlangoni na kuita, "Assalaamu alaikum, ewe malkia wa vumbi!" Naye mke, uso umejaa unga wa mawe, akiitikia, "Wa alaika salaam, ewe sultani wa punda!" Majirani waliwacheka, wao wakacheka zaidi. Na nyinyi mnaonisikiliza, mna nyumba zisizo na vumbi hata chembe, lakini ni lini mara ya mwisho mlisalimiana hivyo? Haya, tuendelee.

Katika mji ule palikuwa na ada. Mkulima akilima hukusanya mawe ya shambani na kuyatupa pembeni, na mchukuzi akiyaona huyabeba bila kuuliza, na mkulima humshukuru. Yakiitwa mawe ya kutupwa. Lakini rundo lililowekwa kuwa mpaka baina ya shamba na shamba lilipakwa chokaa, na likishapakwa chokaa haliguswi na mtu. Watoto wenyewe walilijua hilo.

Ukaja mwaka mmoja mvua zikanyesha za kupita kiasi, ngozi za punda zikaota ukungu. Mvua zilipokatika, tajiri mmoja aitwaye Ghassan, mtu wa safu ya kwanza msikitini na mwenye sauti kubwa kuliko haja, akaanza kujenga nyumba ya wasafiri. Akamwambia Dhakwan, "Kokoto zote utakazoleta, nazitaka." Ikawa neema juu ya neema, mpaka mawe yakaadimika bondeni.

Asubuhi moja Umaima alifuatana na mumewe kutafuta mawe. Walipofika kwenye mkunazi mkubwa uliosimama peke yake mashambani, akaona rundo zuri la mawe.

"Bwana wangu," akasema, "riziki imekaa kitako inatungoja."

Dhakwan akasita. "Hili si la mpaka?"

"Chokaa iko wapi?"

Dhakwan akalizunguka rundo, akainama, akatazama. "Siioni."

"Basi, bismillahi."

Wakapakia. Umaima akayavunja yote kwa nyundo yake, yakaenda kwenye misingi ya nyumba ya Ghassan. Jiwe moja tu hakulivunja. Lilikuwa bapa, jeusi, limebonyea kidogo katikati, laini kama limepanguswa kwa mikono miaka mingi. Akaliweka kando ya mtungi wa maji, wakawa wakisimama juu yake kutia udhu.

Miezi ikapita.

Mchana mmoja mwanamke mtu mzima alipiga hodi akiomba maji. Alikuwa Bibi Rabab, mjane wa upande wa pili wa mji, ambaye maradhi ya mguu yalikuwa yamemlaza tangu kabla ya mvua. Alitembea kwa mkongojo na macho yake yalikuwa yamefifia. Umaima akamkaribisha, akamkalisha kwenye mkeka kivulini, akamwuliza hali.

"Alhamdulillahi, mwanangu. Natoka kwa Kadhi. Nimekwenda kuifuta kesi yangu."

"Kesi gani tena, Bibi?"

"Ya shamba. Ghassan amelima mpaka karibu na kisima changu, nami nikamshitaki. Nikasema marehemu mume wangu na marehemu baba yake Ghassan waliweka mpaka kando ya mkunazi, rundo la mawe. Basi nimekwenda mwenyewe na mguu wangu huu, nimepapasa ardhi kwa mikono miwili. Hakuna jiwe. Wakulima wa Ghassan wameapa hawakukuta kitu pale, na wale ni watu wa swala. Ghassan akasema mbele za watu kwamba nimeanza kuweweseka. Nimefikiri sana, mwanangu. Watu wazima wote wale waseme uwongo? Mgonjwa ni mimi."

Umaima alikuwa amefika kwenye mtungi. Alikuwa amesimama juu ya jiwe, kata mkononi, anateka maji.

Bibi Rabab akaendelea, akitabasamu kwa haya. "Na mimi nilikiona kila kitu, unajua? Nakumbuka mpaka jiwe moja jeusi, bapa, limebonyea katikati. Marehemu alikuwa akiliketia kula tende, nami nikiketi chini, akiniambia maneno mazuri ambayo mwanamke hayasahau. Sasa naogopa. Kama jiwe halikuwepo, basi huenda na maneno yale hayakuwepo. Huenda nimeyatunga mwenyewe, mzee mzima, kujiliwaza."

Umaima akatazama miguu yake. Kata ikamponyoka, maji yakamwagika.

Enyi wenzangu, mnangoja niseme kwamba alilia palepale na kukiri. Hakukiri. Alikuwa mja mwema, lakini alikuwa mwanadamu, na ulimi wake uliganda. Akateka maji mengine, akampa mgeni, mgeni akanywa, akamwombea dua ya baraka katika kazi yake, akashika mkongojo akaenda zake. Dua ile ilimchoma Umaima kuliko laana.

Jioni Dhakwan akasimama mlangoni. "Assalaamu alaikum, ewe malkia wa vumbi!"

Kimya.

Akaingia haraka. "Kafa nani?"

"Hajafa mtu," akasema Umaima. "Lile rundo la mkunazini lilikuwa la mpaka. Chokaa ilioshwa na mvua." Akamsimulia yote, hata neno la mwisho la mjane.

Dhakwan akaketi juu ya lundo la mchanga. Akasema polepole, "Kesi imefutwa, umesema."

"Imefutwa."

"Basi hakuna anayetuuliza." Akachezea mchanga kwa vidole. "Tungeweza kumsaidia kimyakimya. Unga, mafuta, kuni. Kila wiki, mpaka mwisho wa maisha yake. Maana tukisema, Ghassan atatufukuza. Na baada ya Ghassan, nani atamruhusu mchukuzi apite karibu na shamba lake, na sote tumeyasikia makemeo juu ya mwenye kuondoa alama za ardhi? Tutakula nini, Umaima?"

"Sijui tutakula nini. Lakini niambie, mume wangu: unga tutampelekea, mafuta tutampelekea. Na akili yake tutampelekea kwenye shogi gani? Tumemnyang'anya mume wake mara ya pili."

Dhakwan akainamisha kichwa. Alipoinua uso, mkewe alijua kwamba jambo limekwisha amuliwa.

"Nitakwenda mimi," akasema. "Peke yangu. Mimi ndiye niliyeendesha punda."

"Na mimi ndiye niliyekuonyesha. Wewe uliuliza kama ni la mpaka, mimi nikakukatiza."

"Nilikuwa na macho yangu."

"Uliyatumia lini macho yako nilipokuwapo mimi?"

Wakabishana mpaka wakalala bila kuafikiana. Lakini asubuhi Umaima alipokwenda kutia udhu alikuta mtungi upo, jiwe halipo, na punda mmoja hayupo. "Ala! Kumbe ananikimbia!" akasema. Akaswali haraka kuliko desturi yake, Mola atamsamehe, akajitanda mtandio, akaenda mbio.

Kadhi alikuwa ameketi kwenye baraza ya msikiti, na Ghassan yupo, na watu wamejaa. Jiwe lilikuwa mbele yao juu ya mkeka. Dhakwan alikuwa akisema, "Nililiondoa mimi, ewe Kadhi, nikiwa peke yangu, na hakuna mwingine wa kulaumiwa."

"Mwongo!" ikaja sauti ya mwanamke kutoka nyuma.

Watu wakageuka.

"Ewe Kadhi," akasema Umaima akihema, "huyu ni mkweli wa miaka yote, leo tu ndiyo kaamua kusema uwongo, na ni kwa ajili yangu. Rundo nililiona mimi. Yeye alisita, mimi nikamhimiza. Mawe nimeyavunja kwa mkono huu."

"Ewe Kadhi, usimsikilize, ana huruma."

"Ewe Kadhi, usimsikilize yeye, ana mapenzi!"

Baraza zima likaangua kicheko, na Kadhi akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kilemba. Kisha akasema, "Tangu niketi kwenye mkeka huu, watu huja hapa kusukumiana makosa. Leo ndiyo kwanza naona wawili wananyang'anyana kosa moja." Uso wake ukarudi kuwa wa hakimu. Akawatenganisha, akamwuliza kila mmoja rundo lilisimama wapi, umbali gani kutoka kwenye shina la mkunazi, upande upi wa jua. Majibu yao yakawa jibu moja. Akasema, "Hamkukusudia, na Mwenyezi Mungu ni Mwingi wa kusamehe. Lakini kutokukusudia hakurudishi shamba. Mtalijenga upya rundo lile kwa mawe yenu na mikono yenu, na Bibi Rabab atarudishiwa ardhi yake."

Ghassan alikuwa amewiva uso. Hakumpinga Kadhi hata kwa neno moja, na hilo tumhesabie. Lakini aliwageukia wale wawili akasema, "Mmenifanya nile ardhi ya mjane nami niko safu ya kwanza! Mmenifanya nimwite mama wa watu mwendawazimu, mbele ya watu! Kokoto zenu sizitaki tena. Punda wenu nisiwaone kwenye njia yangu."

"Una haki," akasema Dhakwan.

Wakatoka. Jiwe lilikuwa limerudi kwenye shogi, na upande wa pili Dhakwan aliweka mchanga ili mzigo ulingane. Walikwenda wamepoteza kazi yao yote kwa asubuhi moja. Nusu ya njia Dhakwan akasema, "Umeniita mwongo mbele ya mji mzima."

"Nimekuita. Ulikuwa unasema uwongo."

"Mbio zote zile, na umri huu."

"Nyamaza, sultani wa punda."

Akanyamaza, lakini akaushika mkono wake, na wakaingia mtaa wa Bibi Rabab wakiwa wameshikana mikono hadharani, jambo ambalo watu wa zama zile hawakulizoea.

Mjane alikuwa ameketi barazani kwake, mikono mapajani, bila kazi. Ndani mke wa mpwa wake alikuwa akishughulika jikoni. Tangu watu walipoanza kusema kwamba bibi kawa mtu wa kuweweseka, mke wa mpwa alimkataza asiguse moto asije akaunguza nyumba, na bibi aliridhika, kwa kuwa yeye mwenyewe hakujiamini tena.

Umaima akapiga magoti mbele yake. Alikuwa amepanga maneno mengi ya kuomba radhi, yote yakamkimbia. Dhakwan akalitua jiwe, na Umaima akauchukua mkono wa mjane akauweka juu yake.

Bibi Rabab akapapasa. Vidole vyake vikaufuata ule mbonyeo wa katikati, vikaenda, vikarudi.

"Mawe tuliyachukua sisi, mama," Umaima akasema akilia. "Chokaa ilikuwa imeoshwa na mvua. Jana ulipokuja kwangu nilijua, nikanyamaza. Kadhi amekurudishia shamba lako lote. Tusamehe, na usipotusamehe hatutakulaumu."

Mjane hakuuliza habari ya shamba. Aliuliza neno moja tu, kwa sauti ndogo ya mtu anayeogopa jibu.

"Yalikuwepo?"

"Yalikuwepo, mama. Palepale uliposema."

"Na hili jiwe lilikuwepo."

"Lilikuwepo."

"Basi na yeye alikuwepo," akasema Bibi Rabab, "na aliyasema." Akajifunika uso kwa upande wa shuka yake akalia, kilio ambacho hakuna mtu aliyediriki kukikatiza. Alipomaliza akawatazama wale wawili kwa macho yake yaliyofifia. "Nimewasamehe duniani na akhera. Mmeshakula?"

Wakasema hawajala.

Akashika mkongojo wake, akainuka, akaenda mpaka mlango wa jiko. "Toka humo, mwanangu," akamwambia mke wa mpwa wake. "Leo napika mimi."

Wasimulizi wamehitilafiana kuhusu yaliyofuata katika biashara yao. Wako wanaosema Ghassan alinuna msimu mzima, kisha akaja mwenyewe mpaka uani kuomba kokoto, kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake. Wako wanaosema hakurudi, na Dhakwan na Umaima waliishi kwa kupeleka udongo wa kukandikia majiko ya maskini, wakasubiri, wala hawakulala njaa. Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye.

Ama sisi, enyi wenzangu, tunajua kurudisha kanzu ya watu na jembe la watu. Lakini yuko mtu katika jamaa zako anayeitwa mwendawazimu, au mwongo, au mtu wa kusahau, na ukweli wake umeukalia wewe. Inuka umpelekee kabla hajafa akijitilia shaka. Mola atujaalie ndimi zisizoganda.