Ukoko wa Sufuria za Mtaa

Hapo zamani, si ile ya wafalme na majini, ni zamani ya juzi tu, watu wa mtaa mmoja wa Korogwe walikuwa kwenye khitma. Vichwa chini, mikono juu, shehe anaomba. Mara simu ya Mwinjuma ikapiga ukelele mfukoni: "Hongera bosi! Umebakiza hatua moja uwe tajiri!"

Nusu ya watu wakaitikia, "Amin!"

Mwinjuma alitamani mkeka ummeze. Mtu mzima, kaendesha lori mpaka Lubumbashi, kavuka mipaka yote bila kuibiwa hata kofia, leo ananaswa na simu akiwa kakaa sebuleni kwake. Mtandaoni alikuwa na "kocha" asiyewahi kumwona hata kisogo, aliyemwahidi kwamba akipanda daraja la Almasi, pesa zitazaana zenyewe kama sungura. Kilichopungua ni kiingilio tu. Na nyumbani kwake kulikuwa na sufuria tatu kubwa za shughuli, mali ya mtaa mzima. Hakuna harusi wala msiba uliopita pale bila sufuria hizo. Alikabidhiwa yeye kwa kuwa anaaminika. Na Jumamosi binti wa jirani alikuwa anaolewa.

"Nitanunua mpya kabla ya Jumamosi," alijiambia kesho yake, akizipakia kwenye mkokoteni.

Akafika kwa Semkiwa, mnunuzi wa vyuma chakavu. Semkiwa akaigonga ya kwanza, akaikagua kiraka, akairudisha kwenye mkokoteni.

"Kaka, hii ndiyo iliyopika wali wa msiba wa mama. Siinunui."

"Wewe si unanunua vyuma? Msiba unakuhusu nini?"

"Nimesema siinunui. Ondoa mzigo wako hapa." Na wiki hiyo Semkiwa hakuwa amepata mzigo mwingine wa maana.

Mwinjuma akaukokota kwenda kwa mnunuzi wa stendi. Njiani, uso kwa uso na Bi Hadia mshonaji, yuko na mumewe. Bi Hadia akaziona sufuria, akaikumbuka ile simu ya kwenye khitma, akaushika mkokoteni.

"Shemeji, rudi. Hao wa kwenye simu mimi walishanila. Mwanzo walinirudishia kidogo, nikapiga vigelegele. Nilipotaka changu chote, wakataka kwanza nilipe ada ya kutolea. Nikauza cherehani."

Mumewe akageuka. "Cherehani si iliibwa? Si nimekwenda polisi mimi? Si nimemnunia kijana wa watu mpaka akahama?"

"Haikuibwa. Niliiuza."

Mwinjuma akatoa simu, akamwandikia kocha: naomba nitoe kile kidogo nilichoweka. Jibu likaja upesi: "Hongera bosi! Lipia kwanza ada ya kutolea."

Akageuza mkokoteni.

Jumamosi pilau likapikwa, mpishi akiwa Mwanahawa, mke wa Mwinjuma. Na desturi ya mtaa ule, ukoko ni wa aliyeifaa shughuli kuliko wote. Hapo ndipo ubishi ulipoanza.

Semkiwa akasema, "Ningezinunua, mngepika kwenye nini? Kwenye kofia zenu? Ukoko wangu."

Bi Hadia akasema, "Wewe ulimfukuza tu, akaenda kutafuta mnunuzi mwingine! Mimi nimejivua nguo mbele ya mume wangu, mpaka leo tunasemeshana kwa kupitia watoto. Ukoko wangu."

Mwinjuma naye, bila haya, akasema, "Mmoja kanifukuza, mwingine kanihubiria. Aliyemuuliza kocha ni nani? Aliyegeuza mkokoteni ni nani?"

"Na aliyeupakia ni nani?" wakamuuliza wote wawili.

Je, wenzangu, nani alistahili ukoko: aliyekataa faida, aliyeitoa siri yake, au aliyerudi mwenyewe kutoka kwenye ujinga wake?

Wao walishindwa, wakampelekea Mwanahawa ubishi wao awaamulie. Alikuwa kakaa karibu na mafiga, anajifuta mdomo kwa pembe ya kanga.

"Ukoko nimeshaula," akasema. "Chukueni mchanga, msugue sufuria."