Hereni za Pundamilia

Hapo zamani za kale, wanangu, lakini si kale sana, maana wanyama walikwishapata simu, Pundamilia alichumbiwa. Harusi ikapangwa Ijumaa.

Jumatatu asubuhi simu ya mama mkwe ikalia, tii! Ujumbe umetoka kwa Pundamilia: "Wewe bibi, mdomo wako unanuka majani makavu."

"Ala!" Mama mkwe akaja mbio. "Huyu ndiye mke wa mwanangu? Nataka maelezo kabla ya kesho, la sivyo harusi hakuna!"

"Sikuandika mimi, wallahi!" Pundamilia akalia, hi hi hi!

Akaitwa Mzee Kifaru, mpelelezi wa kijiji. Akaja, puu! puu! Akanusa sakafu. "Nyayo hizi za nani?"

"Za shoga yangu Nyumbu. Jana alikuja kunywa uji."

"Basi mwizi ndiye, kaishika simu yako akaandika! Leteni kamba!"

Nyumbu akaangua kilio. "Wivu ninao, nakiri! Mimi hata nzi hajaniposa! Lakini sikuandika!"

Pimbi, kadogo, hata mkia hana, akacheka, kwi kwi kwi! Alikuwa amesomea tabia za wahalifu, na Kifaru alimwonea kijicho kwa elimu hiyo. "Mzee, mwizi huyu hakupita mlangoni."

"Na mambo ya simu umesomea lini wewe?" Kifaru akafoka.

"Simu sizijui. Wezi nawajua. Mwizi wa kuku na mwizi wa simu roho yao ni moja, wamebadili njia tu. Pundamilia, neno lako la siri, la kufungulia ujumbe wako, nani analijua?"

"Mashoga zangu wawili, Nyumbu na Kiboko."

"Usilibadilishe kwanza."

Pimbi akamvuta Nyumbu kando, akamnong'oneza: "Bwana harusi kanunua kikuku cha fedha." Nyumbu akaguna tu.

Kisha chapuchapu, hadi mtoni kwa Kiboko. "Dada, umesikia? Bwana harusi kamnunulia mwenzio hereni za dhahabu!"

"Za dhahabu? Dhahabu kabisa?"

"Zinang'aa hizo, we acha!"

"Hongera yake," akasema Kiboko, akacheka meno yote nje. Akazama, blubu!

Masikini Kiboko. Miaka mitatu kanga zake mpya zilikuwa sandukuni, zikimngoja mposaji, na mposaji hakuja. Wivu ukamkosesha hata hamu ya kula.

Pimbi aliporudi tu, tii! Mama mkwe akausoma ujumbe kwa sauti: "Na hizo hereni za dhahabu ni feki! Mwanao bahili kama wewe!"

Akashangaa. "Hereni zipi? Mwanangu hajanunua hereni!"

"Na simu yangu hii hapa, nimeikalia!" Pundamilia akapiga kelele.

"Hereni nimezitunga mimi," akasema Pimbi. "Na nimemwambia mmoja tu."

Wakaongozana wote mpaka mtoni. Kiboko alipomwona Pundamilia, hakumwangalia usoni. Alimwangalia masikioni. "Mbona hujazivaa?"

"Sinazo, shoga. Hazijawahi kuwepo."

Kiboko akatoa chozi. "Kwa nini wewe, na si mimi?"

Ijumaa harusi ikafanyika, vigelegele vikasikika hadi mtoni, na Kiboko akabaki majini, masikio matupu yakichungulia nje, na ndivyo akaavyo mpaka leo.

Kwa hiyo, wanangu, mwizi wa simu hana unyayo wa kufuata, lakini wivu wake utamsemea.