Ubongo Ulionukia Mawardi

Palikuwa na Sultani aliyetaka mambo mawili kabla ya adhuhuri: gari lake jipya liwake, na aliyeliharibu apatikane. La kwanza lilikuwa la fundi. La pili, jamani, lilikuwa la kukimbia mji.

Sultani huyo aliitwa Tawakali. Gari alilipenda kuliko wake zake wanne, na wote wanne walilijua hilo. Lilipofika siku ya Ijumaa alilipokea kama bibi harusi. Udi ukafukizwa, mrashi wa fedha, kile chombo cha kunyunyizia, ukaletwa, akanyunyiza mawardi, maji ya waridi, ndani ya gari kwa mkono wake. Mrashi akauona mdogo. Akashika jagi zima, akalimimina vitini na kwenye kapeti. Waziri akanyoosha mkono amsaidie.

"Toa mkono wako! Baraka hii ni yangu peke yangu."

Jumamosi gari likagoma kuwaka.

Sultani akakataza lisipelekwe gereji, eti gari lake halivutwi kwa kamba kama mbuzi. Litatengenezwa hapo hapo uani. Kisha akatoa hukumu: aliyeliharibu atalisukuma kutoka kasri hadi sokoni, peke yake, kila Ijumaa, mwaka mzima, na Sultani ameketi kwenye usukani. Fundi asipomtaja mtu huyo, basi atasukuma yeye fundi, na spana zake zitatupwa kisimani.

Mafundi wote wa mji wakaugua siku moja. Akabaki Siwatu, mjane mwenye gereji ya turubai, spana kumi na mbili, na ulimi mmoja uliowatosha watu sita. Msidhani alikuja kwa ushujaa. Aliletwa na askari wawili, na roho ilikuwa mkononi, maana spana zile ndizo zilizomlisha tangu afiwe na mumewe.

Akafungua boneti, akaanza kulegeza waya wa betri.

"We mwanamke!" Sultani akafoka. "Unakata moto wa gari langu bila ruhusa?"

"Nakwenda kugusa ubongo wake, Maulana. Umeme hauna adabu, hauulizi nani kanipa ruhusa."

"Ubongo? Gari lina ubongo?"

"Lina kisanduku kinachofikiri. Mafundi tunakiita kontrol boksi. Kinaamua mafuta yaingie kiasi gani na plagi zichome saa ngapi. Hiki kikiugua, injini haina wa kuiamrisha."

"Na kiko wapi?"

Siwatu akafungua mlango wa kushoto, akafunua kapeti. "Hapa, Waziri anapoweka miguu."

"Ubongo wa gari langu uko chini ya miguu ya Waziri?"

"Usikasirike, Maulana. Walioliunda hawakumjua Waziri."

Waziri akakohoa. Siwatu akagusa chuma cha gari kwanza, ule umeme mdogo wa mwilini umtoke, asije akakiua kisanduku kwa kidole. Akabonyeza vibanio, akachomoa soketi taratibu bila kuvuta waya. Akalegeza boliti nne. Kisanduku kikatoka, akakifungua kifuniko juu ya kanga yake.

Ua zima likanukia harusi.

Kila mtu akakumbuka jagi. Kila mtu akatazama kucha zake.

"Harufu gani hiyo?" Sultani akauliza. Nyie, mtu huyu alikuwa amesahau kabisa!

"Ubongo umeogeshwa, Maulana."

"Na mvua?"

"Mvua ya mji huu hainukii hivi."

"Basi ni adui yangu!"

"Adui angetumia maji ya bomba. Haya yamemwagwa na mtu anayelipenda sana gari."

"Nani? Mtaje!"

"Kwanza niurudishe ubongo. Nisije nikataja watu nikiwa nimeushika mkononi."

Akausugua kwa brashi na spiriti, akauanika kivulini hadi ukakauka kabisa. Akaurudisha: boliti nne, soketi hadi zikalia ta, kapeti juu yake. Waya wa betri akaufunga mwisho. Sultani akaingia, akazungusha ufunguo. Gari likakohoa, likatetemeka, likawaka. Askari wakapiga vigelegele, kazi ambayo si yao.

"Liache lingurume dakika kumi," Siwatu akasema. "Limesahau, linajifunza upya. Usikanyage mafuta."

Sultani, ambaye tangu azaliwe hajaambiwa asikanyage kitu, akakanyaga. Likazima. Akawasha tena, safari hii kwa adabu. Nilifurahi mimi, sikufichi.

Lakini jua lilikuwa limekaribia utosini.

"Haya, fundi. Mtaje. Ukimsingizia asiye na kosa, utasukuma wewe. Ukinyamaza, utasukuma wewe."

Siwatu akazitazama spana zake, akazifunga kwenye kitambaa moja moja. Ulimi hakuufunga.

"Maulana, mwenye kosa nimemjua. Ila nataka niielewe hukumu vizuri. Haigeuki?"

"Hukumu yangu haijawahi kugeuka."

"Hata awe mtu mkubwa?"

"Hata awe Waziri!"

Waziri akakaa chini pale pale.

"Na atasukuma peke yake, bila wa kumsaidia?"

"Peke yake!"

"Na usukani? Pengine siku moja utachoka, umpe mtu mwingine aushike."

Sultani akaukumbatia usukani kwa mikono miwili. "Nikiwa hai, mkono mwingine hautaugusa usukani huu! Umesikia? Sasa mtaje!"

"Hapo ndipo nilipokwama, Maulana, unisaidie," Siwatu akasema. "Mwenye kosa akishuka kusukuma, usukani utashikwa na nani?"